MWENDO WA MAJI NDANI YA MABOMBA, NA FAIDA YA KUUPIGIA HESABU KWA KOMPYUTA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu katika sherehe za kutimiza miaka kumi, Bagamoyo



Waliotangulia kusema wamekwisha kutusimulia habari za akiba, za mikopo na za masoko, nao wamezisimulia vizuri. Sina haja ya kuwafuatisha. Mimi nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo huenda wengi wenu mkaliona geni katika sherehe ya wakulima, nalo ni maji yaliyomo ndani ya bomba: yanakwendaje, nguvu yake yapotelea wapi, na kwa nini kompyuta yaweza kutuonyesha hayo kabla hatujachimba mtaro wala kulipa shilingi moja dukani. Naomba mnivumilie, kwa maana mwishoni mwa maneno yangu liko pendekezo la kutumia fedha zenu, na si haki mtu kuombwa fedha kwa jambo asilolielewa.

Mnalikumbuka shauri lililotuletea maneno mengi katika mojawapo ya vyama vyetu vya bonde la Ruvu. Wanachama walinunua pampu ya dizeli, wakalaza bomba la plastiki la inchi 3, urefu wa mita 600, kutoka ukingo wa mto hadi mashamba ya mboga yaliyo juu kidogo. Siku ya kufungua kulikuwa na vifijo. Haukupita mwezi, wenye mashamba ya mwisho wakaanza kulalamika kwamba mchana hawapati kitu. Koki yatoa hewa na matone. Usiku maji yalikuja. Basi watu wakaanza kusema yale ambayo watu husema. Wengine walisema wenye mashamba ya mwanzo wanaiba maji. Wengine walisema mwendesha pampu amelishwa. Yule kijana aliitwa mbele ya kamati mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amebakiza hatua moja tu aachishwe kazi. Hata watu waliooleana walikuwa hawapeani salamu njiani.

Bwana Mwenyekiti, kabla sijaeleza jinsi shauri lile lilivyomalizika, yanipasa kueleza tabia ya maji.

Wenzetu wa Kilimanjaro wamejaliwa mteremko. Mifereji yao ya asili, ambayo wao huiita mifongo, huteremsha maji kutoka mlimani hadi migombani bila pampu wala dizeli. Sisi wa pwani tumewekwa mahali tambarare. Toka Mapinga na Kerege mpaka Zinga, hata huko bondeni Ruvu, maji hayana mlima wa kuyasukuma; kila nguvu yaliyo nayo tumeyanunulia. Kwa hiyo yule anayepoteza nguvu ya maji huku kwetu apoteza fedha taslimu, wala si kipawa cha mlima.

Mafundi hupima msukumo wa maji kwa mita. Wakisema msukumo ni wa mita 30, maana yake ni kwamba katika bomba lililosimama wima maji yale yangepanda hadi kimo cha mita 30. Sasa, maji yakipita ndani ya bomba hujisugua na kuta zake, na tena hujisugua yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1883 mtaalamu mmoja wa mji wa Manchester, Uingereza, jina lake Osborne Reynolds, alipitisha maji katika kijibomba cha kioo na kutia ndani yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole uzi ule ulinyooka kama kamba iliyovutwa. Alipoyaongeza mwendo, ghafula uzi ulitatizika, ukasambaa, na bomba zima likatiwa rangi. Kumbe kuna mwendo wa utulivu na mwendo wa vurugu, na maji ya mashambani karibu siku zote ni ya vurugu. Ndiyo maana hasara yake ni kubwa kuliko mtu awezavyo kudhani kwa kutazama tu.

Ukubwa wa hasara hiyo ndio ninaotaka kila mmoja auchukue nyumbani. Ukitaka maji yale yale, kwa kiasi kile kile, yapite katika bomba lenye kipenyo nusu ya lile la kwanza, hasara ya msuguano haiongezeki mara mbili, wala mara nne. Yaongezeka karibu mara thelathini. Na kinyume chake ni kweli vile vile. Ukitoka bomba la inchi 3 kwenda la inchi 4, yaani umeongeza inchi moja tu, msuguano washuka hadi kama robo ya ulivyokuwa. Mwenye duka hakwambii hayo. Yeye hukwambia bei ya mita moja.

Mafundi hawakuanza jana kuzipigia hesabu hasara hizi. Hapa kwetu pwani, Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kutoka chemchemi za Bububu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Wamarekani wawili, Allen Hazen na Gardner Williams, walitoa kanuni ya kukadiria hasara ya maji katika bomba kwa kujua urefu, kipenyo, kiasi cha maji na hali ya kuta zake. Kwa bomba moja lililonyooka kanuni hiyo yatosha. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya kwa karatasi. Taabu ni pale mabomba yanapogawanyika na kukutana tena, kwa kuwa hapo hujui maji kiasi gani yatapita kushoto na kiasi gani kulia, nawe huwezi kujua hasara mpaka ujue kiasi, wala kiasi mpaka ujue hasara.

Profesa Hardy Cross wa Chuo Kikuu cha Illinois alifungua fundo hilo mwaka 1936. Njia yake ilikuwa hivi: anza kwa kubahatisha, kisha pima kosa lako, rekebisha, pima tena, rekebisha tena, mpaka kosa liwe dogo lisilodhuru. Kanuni mbili tu ndizo zilizomwongoza. Ya kwanza, katika kila njia panda ya mabomba, maji yanayoingia ndiyo yanayotoka. Hayazaliwi pale wala hayafi pale. Ya pili, ukitoka mahali ukazunguka kwa bomba ukarudi pale pale, jumla ya msukumo uliopoteza na uliopata sharti iwe sifuri, maana mahali pamoja hapawezi kuwa na misukumo miwili. Kwa mkono, mji mdogo ulihitaji siku nyingi za kazi, na mtu akikosea jana huanza upya leo.

Kazi ya kurekebisha na kurudia ndiyo hasa iliyoifaa kompyuta, kwa kuwa yenyewe haichoki. Mwaka 1993 idara ya Serikali ya Marekani inayohusika na hifadhi ya mazingira ilitoa programu iitwayo EPANET, na tangu hapo imekuwa ikitolewa bure kwa mtu ye yote duniani. Kompyuta ndogo ya ofisini yaiendesha bila shida. Unachora mabomba yako kama ramani: hapa mto, hapa pampu, hapa njia panda, hapa koki ya mama fulani. Kila nukta unaiandikia kimo chake na maji yanayohitajiwa, na kila bomba unaliandikia urefu, kipenyo na ulaini wake. Kisha waiamuru ipige hesabu. Kwa kufumba na kufumbua yakuonyesha kila bomba linapitisha kiasi gani, na kila koki ina msukumo gani. Ukitaka kujua itakuwaje ukibadili bomba moja, hufukui ardhi, wabadili tarakimu.

Huko viwandani ziko programu nyingine nzito zaidi, ambazo huligawa tumbo la bomba katika vijumba vidogo maelfu kwa maelfu, na ndani ya kila kijumba hutumia kanuni alizozianzisha Mfaransa Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na Stokes wa Uingereza mwaka 1845. Kwa njia hiyo huona jinsi maji yanavyojikunja kwenye kiwiko cha bomba au ndani ya vali. Hizo si za kazi yetu. Mtu anayetafuta njia ya kwenda Kiwangwa hahitaji kuhesabu mchanga wa barabarani.

Sasa turudi kwenye lile shauri. Tuliliandika bomba lao katika programu. Pampu ilikuwa ikitoa msukumo wa mita 30 hivi, na maji lita 10 kwa kila sekunde: nusu kwa mashamba ya mwanzo, nusu kwa ya mwisho. Mashamba ya mwisho yako juu ya mto kwa mita 8. Hesabu ikasema hivi. Katika mita 300 za mwanzo, ambako lita zote 10 hupita, msuguano wala karibu mita 18 za msukumo. Katika mita 300 zilizobaki, ambako hupita lita 5, wala karibu mita 5 nyingine. Ongezeni zile 8 za kupanda, mtaona zimepita 30. Mwisho wa bomba hakuna kilichosalia. Koki itatoa hewa na matone, kama walivyosema.

Na usiku je? Usiku wa mwanzo wamefunga, wa mwisho peke yao wanachota lita zao 5. Msuguano wa bomba zima sasa hauzidi mita 10, nao wabakiwa na msukumo wa mita 12. Maji yaja.

Hapakuwa na mwizi, wala mwendesha pampu hakulishwa kitu. Alikuwapo mfanyabiashara mmoja aliyewaambia kwamba inchi 3 itatosha kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo stoo, na kamati iliyopokea neno lake bila karatasi ya hesabu. Tena tazameni upande wa dizeli: katika zile mita 30 za msukumo, zaidi ya 22 zilikuwa zikiliwa na msuguano. Yaani karibu robo tatu ya kazi ya pampu ililipiwa ili kuyapasha moto maji na plastiki, kwa kiasi ambacho hata mkono hauwezi kukihisi.

Tuliibandika ramani ile ukutani katika ofisi yao, pamoja na tarakimu za kila koki. Mzee mmoja alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, kompyuta hii imefika shambani lini? Swali lile lilikuwa la haki kabisa, na naona ni bora kuliko maswali mengi niliyopata kuulizwa na wasomi. Kompyuta haikufika shambani. Haijui ila iliyoambiwa. Ukiiambia bomba ni jipya na laini kumbe limejaa matope ya Ruvu, itakujibu kwa adabu na itakudanganya. Haijui kwamba mtu ametoboa bomba akaunga mpira wake. Ndiyo maana kazi kubwa katika jambo hili si ya kubonyeza vitufe, ni ya kupima, na kupima kwafanywa na wanachama wenyewe.

Kiasi cha maji tulikipima kwa pipa la lita 200 na saa ya mkononi: likijaa kwa sekunde 20, basi ni lita 10 kwa sekunde. Ndoo haifai, maana hujaa kabla hujasoma saa. Kimo cha mashamba hatukukipima kwa simu, kwani simu yaweza kukosea mita kadhaa, na katika nchi tambarare kama yetu mita kadhaa ndiyo hesabu nzima. Tulitumia mpira mwangavu uliojaa maji, ule ule ambao fundi mwashi huutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Maji ya ncha mbili hukaa sawa siku zote. Yule mzee ndiye aliyeshika ncha moja. Baada ya siku mbili za kutembea na mpira hakuuliza tena kama kompyuta imefika shambani, bali alikuwa akiwaeleza wengine.

Liko jambo jingine lililofunuliwa na hesabu ile. Bomba lao lilikuwa limepasuka mara mbili, na mara zote mbili watu walisema ni hujuma. Bwana Joukowsky wa Moscow alieleza mwaka 1898 sababu ya mabomba kupasuka namna hiyo. Maji yanayokwenda yana uzito na kasi. Ukiyafungia mlango ghafula yanajigonga, na pigo lake hurudi nyuma ndani ya bomba kama mwangwi. Katika bomba la chuma, kila mita moja ya mwendo kwa sekunde inayosimamishwa ghafula huongeza msukumo wa mita 100 au zaidi. Plastiki hunyumbuka, kwa hiyo katika bomba kama lile nyongeza ni kama mita 30. Maji yao yalikuwa yakienda zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: zaidi ya mita 60 juu ya msukumo uliokuwamo, na bomba lenyewe limeandikwa PN 6, maana yake limekusudiwa kustahimili mita 60 hivi. Kijana akifunga koki kubwa kwa mkupuo ili awahi kwenda kula, amelipiga bomba nyundo. Tangu walipoagizwa kuizungusha polepole, kwa kuhesabu hadi thelathini, halijapasuka tena.

Ili mwone kwamba haya si mambo ya mabomba madogo tu, tazameni jirani yetu mkubwa. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa katika miaka ya 1970 na kupanuliwa baadaye hadi uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, husukuma maji kuelekea Dar es Salaam, na bomba lake kuu jipya lina kipenyo cha mita 1.8 na urefu wa kilomita 56 hivi, mpaka kwenye matangi yaliyo Chuo Kikuu Ardhi. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini maji yaliyomo bombani hayajapata habari. Habari hiyo husafiri kwa mwendo wa kama kilomita moja kwa sekunde, hivyo yahitaji karibu dakika nzima kufika mwisho, na dakika nyingine kurudi. Katika bomba la namna hiyo hapana budi mtu ajue mapema pigo litapita wapi na litakuwa kubwa kiasi gani, na hakuna apendaye kulijua kwa kujaribu.

Niseme pia neno fupi juu ya matrekta, kwa sababu Chama chetu kinayo, na ndani yake mna mabomba ya aina nyingine. Mipira ya haidroliki inayoinua jembe hupitisha mafuta, si maji, na mafuta yana mnato; aghalabu mwendo wake ni ule wa utulivu, wa uzi ulionyooka. Humo kanuni hubadilika kidogo: ukipunguza kipenyo hadi nusu, hasara huzidi mara kumi na sita. Fundi akikuwekea mpira mwembamba kuliko wa asili kwa kuwa ndio alionao, jembe litainuka kwa uvivu na mafuta yatachemka. Walakini la hatari zaidi ni tundu. Msukumo wa mafuta yale waweza kuzidi mara mia na hamsini ule wa hewa tunayoivuta. Yakitoka katika tundu dogo kama ncha ya sindano hayaonekani vizuri, nayo hupenya ngozi. Mtu asipapase mpira kwa mkono kutafuta mvujo. Azime mashine kwanza, ashushe jembe, na akitafuta atumie kipande cha ubao au boksi. Na aliyepenywa na mafuta, hata kama kidonda ni kama cha mwiba na hakimuumi, apelekwe hospitali saa ile ile na aeleze ni mafuta ya haidroliki, kwa kuwa huhitaji daktari wa upasuaji. Madereva wetu nawaomba walisome fungu hili mara mbili.

Sasa pendekezo. Chama kile chataka bomba jipya, na vyama vingine viwili vimeomba vifanyiwe vivyo hivyo. Tumejaribu katika kompyuta inchi 4 na inchi 6. Kwa inchi 4, pampu ile ile, koki zote zikiwa wazi mchana, shamba la mwisho labakiwa na msukumo wa mita 16. Kwa inchi 6 labakiwa na mita 21. Wako wajumbe waliosema kwamba tukishatoka tutoke na kubwa kabisa. Mimi siafiki. Kutoka 3 kwenda 4 twapata mita 16 mahali palipokuwa na sifuri. Kutoka 4 kwenda 6 twaongeza mita 5 tu, kwa plastiki nyingi zaidi na mtaro mpana zaidi. Fedha ile ya ziada naiona heri itumike kuunganisha ncha ya bomba la mashamba ya mwisho na ile ya jirani yake, mabomba yawe mzunguko. Maji yakipata njia mbili zilizo sawa, kila njia hupitisha nusu, na msuguano hushuka hadi karibu robo. Tena bomba likipasuka upande mmoja, upande wa pili hauna kiu.

Najua inchi 4 ni ghali kuliko 3, na wenye mashamba ya mwanzo waweza kusema: sisi maji twapata, kwa nini tulipie inchi ya wengine? Jibu langu ni kwamba wa mwisho wamelipa hisa sawasawa na wa mwanzo, na dizeli wamekuwa wakichangia sawasawa tangu siku ya kwanza. Hesabu imeonyesha kwamba kwa bomba la sasa sehemu ya mchango wao ilikuwa ikinunua joto. Mkitaka kuligawa gharama kwa namna nyingine, ligaweni, lakini tuligawe tukiwa na karatasi mkononi, si kwa kelele.

Naomba pia Mkutano uagize kwamba kuanzia sasa pasiwe na chama cha msingi kitakachonunua bomba la kumwagilia kabla ramani yake haijapigiwa hesabu na kubandikwa ukutani kwa siku kumi na nne, ili kila mwanachama aitazame koki yake na kuuliza.

Vipimo vya chama cha pili vitaanza Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Pipa limekwisha kupelekwa, na mpira wa fundi upo ofisini kwangu. Nahitaji watu wawili wa kushika ncha, na mmoja mwenye saa inayohesabu sekunde.